Kiapo Alichoapiwa Alix

Tangazo lilibandikwa Jumanne, siku ambayo kwa amri ya wakubwa wa Paris ilikuwa marufuku kuiita Jumanne, maana hata kalenda walikuwa wameibadilisha. Lilisema kila mwanamke aliyewahi kuwa sista afike kwenye ofisi ya halmashauri ya Montrabel ndani ya siku sita, ainue mkono, na aape kuwa mwaminifu kwa Uhuru na Usawa. Atakayekataa atahesabiwa mshukiwa. Mwaka ule wa mapinduzi, Ufaransa nzima, hakuna aliyehitaji kuelezwa washukiwa wanapelekwa wapi.

Mzee Elzear Roumieu, fundi mapipa, hakujua kusoma. Alisomewa na jirani, akasikiliza mpaka mwisho, akatema mate. Kisha akapanda mforosadi wake, akachuma magunia mawili ya majani, akayabeba mgongoni mpaka mtaa wa watengeneza ngozi. Huko masista watano walikuwa wamepanga nyumba tangu walipofukuzwa konventini mwao. Mdogo wao wote alikuwa binti yake wa pekee. Yeye alimwita Alix, jina alilopewa na marehemu mama yake. Wenzake walimwita Sista Pelagia.

“Karibu, Raia Majani!” Sista Barbara alimfungulia mlango. Alikuwa mpishi wao, kikongwe mwenye goti bovu na mdomo usio na breki. “Pita haraka. Wanangu juu wananililia.”

Wanawe walikuwa viwavi wa hariri. Masista, baada ya kunyang'anywa shule, mashamba na hata kengele, waliishi kwa kufuga viwavi darini. Mayai yao walikuwa wameyaangulia kifuani, ndani ya vifuko vya kitambaa, kama afanyavyo kila mwanamke wa pande zile mwezi wa nne. “Miaka hamsini bikira,” Sista Barbara alipenda kusema, “na sasa nimezaa watoto elfu kumi, baba hajulikani.” Mama Mkuu alimkataza utani huo. Hakuacha.

Darini palikuwa na joto la kuchosha. Viwavi walikuwa wametoka usingizi wao wa nne wa kujivua ngozi, wakati wa njaa kuu, na walitafuna kwa sauti kama mvua ya rasharasha. Alix alikuwa amepiga magoti akitandaza majani. Elzear alimwona akitandaza mara mbili mahali pamoja, akajua amekwisha kusikia.

“Utaenda lini?” akamwuliza.

“Wapi, baba?”

“Usinichezee. Kuapa.”

Alix alimwokota kiwavi aliyeanguka, akamrudisha kwenye jani. “Hatuendi,” akasema. “Kiapo hicho ndicho walichowaapisha waliowaua mapadri wetu. Mimi nilikwisha kuapa mara moja, mbele ya Mungu. Mdomo wangu umekwisha.”

“Umekwisha, nao unakula mkate kila siku?”

“Baba.”

“Ni maneno! Uhuru, Usawa. Mimi nimeyaapa mara tatu, na kila wakibadilisha serikali nayaapa tena. Yameniuma wapi?”

“Naogopa,” Alix akasema taratibu, bila kumtazama. “Usidhani siogopi. Usiku nasikia gari barabarani, natapika. Sista Eufrasia anasema mimi ndiye nitakayewaaibisha.”

Hapo Mama Mkuu akatokea ngazini. Alikuwa mtoto wa kabaila, mrefu, mwenye shingo ya watu waliozoea kuinamiwa, na hata katika gauni la kuazima alionekana kama mwenye nyumba. Elzear hakumpenda toka mwanzo. Kwa maoni yake, wakubwa ni wakubwa tu, wawe wamevaa kofia nyekundu ya mapinduzi au shela.

“Sijamlazimisha mtu, Bwana Elzear,” akasema. “Kila mmoja atajibu kwa mdomo wake mwenyewe.”

“Nyie mnasema mnajibu kwa midomo,” Elzear akamwambia, “wao wanachukua vichwa. Na binti yangu, Mama, hajawahi kukukatalia neno. Ukimwambia kesho aape, ataapa.”

“Ndiyo maana siwezi kumwambia,” Mama Mkuu akasema, akashuka.

Elzear alibeba magunia yake matupu, akaondoka bila kuaga.

*

Kanisa la Montrabel lilikuwa limegeuzwa kiwanda cha shura, ile chumvi ya baruti. Watu walikwangua udongo wa vyumba vyao vya chini, wakauleta kwa ndoo, nao ukalowekwa kwenye mapipa makubwa yaliyopangwa mahali pa madhabahu. Mapipa hayo aliyafunga Elzear, kwa amri, bila ya malipo ya kueleweka. Huko ndiko alikomkuta karani wa kamati ya mapinduzi iliyokaa kwenye ofisi ya halmashauri, Toussaint Maurel, siku ya nne ya tangazo.

Zamani Maurel alikuwa mtunza kanisa la masista. Aliwasha mishumaa yao, akala supu yao miaka kumi na moja. Sasa alivaa utepe wa rangi tatu na kutembea na daftari kwapani kama mtu aliyebeba mtoto wake.

“Raia fundi,” akasema kwa sauti ya watu wasikie, “pipa la tatu linavuja!” Kisha akamsogelea, akashusha sauti. “Mzee Elzear, mwanao hajaja.”

“Haji.”

“Wakubwa wametuma barua. Safari hii hawatafungwa hapa. Watapelekwa mjini, kwenye mahakama mpya. Mahakama ile, mzee, haina mlango wa kutokea.”

Elzear alikaa juu ya pipa. Mikono yake, iliyoweza kupinda ubao wa mwaloni, haikujua la kufanya.

“Kuna njia,” Maurel akasema. “Mimi ndiye ninayeandika. Nikiandika kwamba Raia Alix Roumieu, sista wa zamani, alifika mwenyewe, akaapa, na kwa kuwa hajui kuandika akatia alama, nani atauliza? Mwenyekiti hasomi, anapiga muhuri.”

“Na alama?”

“Msalaba. Nusu ya daftari hili ni misalaba.”

“Unataka nini?”

“Una nguruwe aliyetiwa chumvi chini ya kuni. Mke wangu ananyonyesha, na mkate wa Usawa ni pumba tupu.”

Elzear alicheka, cheko baya. “Hata harufu mmeitaifisha.” Lakini alichukua kalamu. Hakuna kitu alichojua kuandika duniani ila msalaba. Aliuweka vivyo hivyo kwenye cheti chake cha ndoa, na kwenye kitabu cha maziko siku ya kumzika mkewe. Safari hii aliukandamiza sana, wino ukaruka. Alitoka kanisani akiwa mwepesi kama kijana. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba Alix alijua kuandika, na kwamba alikuwa amewafundisha kusoma nusu ya wasichana wa Montrabel. Kwa Elzear, mtu mwenye shida na serikali alitia msalaba. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

*

Waliwafuata asubuhi ya siku ya saba. Askari sita kwa wanawake watano. Mwenyekiti wa kamati, muuza ngozi aliyenenepa wakati wenzake wakikonda, alikuja mwenyewe, na Maurel nyuma yake akisoma majina mlangoni. Mama Mkuu. Eufrasia. Barbara. Angelika. Kisha akafunga karatasi.

Alix alikuwa amekwisha kufunga kifurushi chake: shuka, chanuo, na nusu ya mkate. Alisubiri. “Na mimi?” akauliza.

“Wewe uko huru, raia,” Mwenyekiti akasema kwa furaha. “Umeapa. Ungalikuwa na wenzako wenye akili kama yako tusingalisumbuana.” Akamshika mabega, akambusu mashavu yote mawili, kama ilivyokuwa desturi mpya. Alinuka ngozi mbichi.

Masista wanne waligeuka wakamtazama. Sista Eufrasia alitikisa kichwa, kama mtu aliyeshinda dau asilotaka kulishinda. Sista Barbara alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza hakukutoka kitu.

“Lini, mwanangu?” Mama Mkuu akauliza. Hakuwa na hasira. Ingekuwa heri angekuwa nayo.

“Mama, mimi si...” Alix akaanza. Lakini Maurel, nyuma ya Mwenyekiti, alikuwa amebadilika rangi, akimtikisia kichwa kwa macho ya mbuzi anayeona kisu. Alix hakuelewa. Alinyamaza ili aelewe, na katika kunyamaza huko wakawa wamekwisha kuondoka.

*

Elzear alifika adhuhuri na majani, akitabasamu njia nzima. Alimkuta darini peke yake, akikimbia kutoka chaga moja ya viwavi hadi nyingine, maana kazi ya watu watano ilikuwa imeangukia mikono miwili na viwavi hawajui habari za mapinduzi.

“Baba, nani aliniapia?”

Alikuwa ameandaa uongo, ukamponyoka. “Mimi,” akasema. “Nilitia alama. Maurel akaandika.”

Alix aliendelea kutandaza majani. “Umenichukulia mdomo wangu,” akasema.

“Mdomo nimechukua, shingo nimekuachia. Utanishukuru ukiwa mzee.”

“Unajua kibaya ni kipi?” Aligeuka, uso umelowa. “Walipoliruka jina langu nilifurahi. Kabla sijaelewa kitu. Moyo uliruka kama mwanakondoo. Mama Mkuu aliniona.”

“Basi furahi! Ni dhambi gani kufurahi uko hai?”

Siku tatu Alix alijaribu kuishi hivyo. Asubuhi aliwalisha viwavi, mchana alipeleka mkate kwenye ghala walimofungiwa wenzake wakingoja gari. Mama Mkuu aliupokea na kusema asante. Sista Eufrasia alimpa mgongo. Mlinzi alisimama katikati, sikio moja kila upande, na Alix hakuweza kusema lolote. Kwenye kisima cha mtaa, wanawake waliokuwa wakificha rozari ndani ya unga walivuta ndoo zao kando alipopita. “Shikamooni, mama zangu,” aliwaamkia. Mmoja akajibu, “Tusalimie kiraia, sista. Si ndivyo mlivyoapa?” Wengine wakacheka. Na wake wa wanakamati, ambao ndio aliotaka wampite, walimshika mkono na kumkaribisha kwenye sherehe ya Mti wa Uhuru.

Siku ya nne alimwambia baba yake, “Naenda kuwaambia sikuapa.”

Elzear alikwenda mbio kumwita Maurel. Karani alikuja kwa mlango wa nyuma, jasho likimchuruzika.

“Sikiliza, Sista Pelagia,” akasema, na jina hilo lilimtoka bila kufikiri. “Ukisema hukuapa, watauliza nani alitia alama. Kughushi daftari la Jamhuri ni kifo. Utatupandisha gari moja, mimi na baba yako. Nina watoto wanne.”

“Na nikisema niliapa, na sasa nafuta?”

Maurel alichungulia nje, akaurudisha mlango. “Hiyo ni mbaya kuliko kukataa. Aliyekataa ni mjinga. Anayefuta ni msaliti.”

“Lakini nitakufa mimi tu.”

“Alix!” Elzear akapiga kelele.

“Nimeuliza,” akasema. “Mtu haruhusiwi kuuliza?”

*

Ofisi ya halmashauri ilikuwa imejaa watu waliokuja kupanga foleni ya vyeti vya mkate. Alix alipita katikati yao, amejifunga shela yake ya zamani ya kisista, ile iliyokatazwa. Aliifunga vibaya kwa haraka, ikamwangukia sikio moja. Mtu mmoja akacheka, akaacha.

“Niliapa,” akamwambia Mwenyekiti. “Naomba jina langu lifutwe.”

“Rudi nyumbani, raia. Una homa.”

“Nafuta kiapo. Nataka kuwa na wenzangu.”

Elzear alikuwa nyuma yake. Alikuwa ameahidi kunyamaza, mbele ya picha ya mkewe moyoni, na ahadi hiyo haikumaliza dakika moja. “Anadanganya!” akafoka. “Hakuapa! Msalaba ni wangu, niliutia mimi, kwa mkono huu! Nichukueni mimi!”

Mwenyekiti alimtazama Elzear kwa uchovu. “Kila baba husema hivyo, mzee. Juzi alikuja mmoja akaapa kwamba yeye ndiye aliyemficha padri, na kumbe ni kipofu.” Akamgeukia Maurel. “Karani. Huyu mwanamke alikuja mwenyewe?”

“Alikuja mwenyewe,” Maurel akasema, akitazama daftari. Halafu, kama mtu anayeona uongo wake mwembamba, akauongezea nyama. “Alivaa kitambaa cha buluu. Alikuwa na mafua.”

“Mwongo! Nguruwe wangu yuko tumboni mwako!” Askari walimshika Elzear mikono. “Mwenyekiti, anajua kuandika! Mwanangu anajua kuandika vizuri kuliko huyu! Ameandikaje msalaba mtu anayejua kuandika? Mpe kalamu!”

Hapo Mwenyekiti akasita. Alisukuma karatasi mezani. “Haya. Andika jina lako.”

Dirishani walikuwapo wanawake watatu vijana ambao Alix aliwafundisha herufi kwa kuwashika vidole. Mmoja alikuwa mkwe wa Mwenyekiti mwenyewe. Walitazama sakafu.

Alix aliichukua kalamu. Alimtazama baba yake, si kwa ukali, kama anavyotazamwa mtoto anayezuiwa asikimbilie barabarani. Kisha akaishika kalamu kwa ngumi nzima, kama mtu asiyeizoea, akachora mstari mmoja, akaukata na mwingine. Msalaba.

“Sijui kuandika,” akasema.

Mwenyekiti alipiga muhuri. “Mtoeni huyu mzee nje,” akasema, “atawakosesha wenzake foleni.”

*

Mahakama ya mjini iliwahukumu wote watano kabla ya chakula cha mchana. Alix alisomewa shitaka lake peke yake: kuapa, na kuuasi utii wake mwenyewe. Mama Mkuu alisikia. Wote walisikia. Hakujitetea hata kwa neno, na Elzear, nyuma ya kizuizi, aliuma kofia yake mpaka ikatoboka, maana Alix alikuwa amemkataza kwa macho asiseme.

Gari lilipotoka alilikimbilia. Alishika ubao wa pembeni, ubao duni, mtu aliyeupiga randa alistahili viboko, akampazia sauti Mama Mkuu. “Mama! Hakuapa! Nilikuwa mimi! Mama, hakuapa!” Lakini ngoma za askari zilikuwa zikipigwa mbele na nyuma, hasa kwa ajili hiyo, ili watu wasisikie wanayosema wanaokwenda kufa wala wanayoambiwa. Mama Mkuu aliinama, akaweka mkono sikioni. “Nini?” midomo yake ilisema. Alix alikuwa akitikisa kichwa: usiseme, baba, usiseme. Sista Barbara ndiye aliyemshika Alix kiuno gari liliporuka shimo. Kama alijua au hakujua, Elzear hakupata kufahamu. Labda alikuwa anajishikilia tu, kwa sababu ya goti.

Uwanjani hakuona kitu. Mbele yake alisimama mtu mrefu mwenye mtoto begani na kofia pana. Elzear alimwomba asogee, mtu yule akasema, “Ungewahi kama wengine, babu.” Hivyo alisikia tu kisu kikianguka. Alisikia mara tano, na hakujua ya ngapi ilikuwa ya mwanawe.

*

Miaka minane baadaye wakubwa wengine huko Paris waliamua kwamba Mungu yupo tena. Kanisa lilioshwa shura, na padri mpya akaletwa, mtu mpole kutoka milimani. Jambo la kwanza alilofanya ni kuweka jiwe ukutani kwa ajili ya masista wafiadini wa Montrabel. Lilikuwa na majina manne.

Elzear alikwenda kumwona. Alisema yote, tangu majani mpaka ngoma. Padri alisikiliza vizuri, akafungua daftari.

“Mzee wangu, hapa pameandikwa aliapa. Na mahakamani alikiri mwenyewe kwamba aliapa.”

“Alidanganya, Baba Padri. Aliniokoa mimi.”

“Nakuamini kwamba unaamini.” Padri alikuna kidevu. “Lakini hata iwe hivyo, nimwandikieje askofu? Mfiadini ni shahidi wa ukweli. Wewe unaniambia alikufa na uongo kinywani.”

“Muulize aliyeandika!”

“Nimemwuliza. Anasema daftari ni sahihi.”

Aliyeandika alikuwa palepale sakristini, akikunja vitambaa vya altare. Bwana Maurel, maana sasa watu walikuwa mabwana tena, alikuwa amerudishiwa kazi yake ya zamani ya kutunza kanisa. Nani mwingine alijua mishumaa inawekwa wapi?

Kila mwaka mwezi wa saba, misa ya kuwakumbuka ilipofika, padri alisoma majina manne. Na kila mwaka, kutoka nyuma, sauti ya mzee ilitoa la tano. Mwaka wa kwanza watu waligeuka, na Maurel akamtoa kwa kumvuta koti. Mwaka wa pili wakaguna. Wa tatu watoto walikwisha kujua, wakawa wanasubiri ili wacheke.

Mwaka wa sita upepo wa kaskazini ulivuma siku nzima. Padri alisoma: Mama Mkuu, Eufrasia, Barbara, Angelika. Maurel alikuwa amekwisha kusimama nyuma, mkono kwenye komeo. Alikuwa amezeeka naye. Alifungua mlango nusu, akainamisha kichwa karibu na cha Elzear, akanong'ona kwa upole kabisa:

“Sema upesi, mzee. Mishumaa inazimika.”

“Na Alix Roumieu,” akasema Elzear.

Padri alifungua ukurasa uliofuata.